Kona ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 9 Novemba 1998. Jinja.

"Gari la gemu hupimwa kwenye Duara. Mbio ni kasi, na kona ni mapambo. Anayepima gari milimani ni sawa na anayenunua ng'ombe wa maziwa kwa kutazama pembe."

Maneno ya Bruhan wa Mbale, muuza vipuri, mwenye ukumbi wa video kule Nabuyonga. Barua imeletwa leo na dereva wa lori la vitunguu. Nimeisoma mara tatu, nimesimama.

Uongo! Kwanza, kwenye Duara, ile njia ya mviringo, gari halifanyi lolote ila kukata kulia mchana kutwa. Hata mfungwa wa juma moja anajua zaidi ya hapo. Pili, kwenye Duara hukanyagi breki. Sasa breki utazipima kwa nini, kwa maombi? Tatu, pembe za ng'ombe zinasema mengi. Aulizwe mfugaji yeyote.

Nieleze jambo hili mara moja, maana watakaosoma shajara hii nikishakufa huenda hawatajua. Gemu letu lilitoka Dubai, na maandishi yake yote ni ya Kijapani. Chini ya picha ya gari kuna mistari saba. Kila mstari unapokea namba, moja hadi ishirini. Hakuna mtu Jinja wala Mbale anayejua mstari upi ni springi, upi ni gia, upi ni breki. Njia ya kujua ni moja tu: badilisha namba, endesha, tazama saa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea unaendesha wapi! Ukikosea kuchagua njia ya kupimia, umekosea yote. Huu si mchezo. Ni elimu.

Msimamo wangu unajulikana. Milima Saba. Kona thelathini na moja, daraja, pango, mteremko wa kuua. Raundi moja dakika nne na nusu. Gari likiweza Milima Saba, litaweza popote. Askari aliyefunzwa kwenye mvua haogopi umande.

Nimemjibu Bruhan kurasa nne. Tatu za kwanza ni hoja tupu. Ya nne niliandika nikiwa na hasira. Nimemwita kwenye shindano: Jumamosi hii, ukumbini kwake, raundi tano, njia ichaguliwe kwa kura. Akishindwa, ashushe kibao chake cha CHUO CHA DUARA na atundike kingine chenye jina la fundi wa gari lililoshinda. Tukishindwa sisi, achukue mashine yetu ya gemu.

Barua imeondoka na lori lile lile. Lilipopotea kwenye kona ndipo nilipokumbuka kwamba mashine si yetu.

Ni ya Afande Aber.

Jumanne, 10 Novemba.

Shajara hii naificha kantini ya magereza, chini ya televisheni. Nyumbani haifai. Mke wangu Babirye hasomi Kiswahili. Anasema ni lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Lakini karatasi yoyote asiyoweza kuisoma huwashia sigiri.

Afande Aber ni sajini wa magereza, msimamizi wa ustawi wa askari. Kwao ni kaskazini. Hasemi sana. Kaka yake alimtumia mashine ya gemu kutoka Dubai, na televisheni ya rangi juu yake. Angeweza kuviweka chumbani kwake. Aliviweka kantini, ili askari wakitoka zamu wakae pale badala ya kwenda kwenye waragi. Watatu wameacha kunywa tangu Machi. Mmoja wao ni Semei, wa lango kuu, ambaye zamani alikuwa akipiga saluti kwa nguzo ya umeme.

Na ndiye dereva wetu bora, Aber. Nakiri hilo humu tu.

Nimemwambia kuna shindano Jumamosi. Akauliza tunashindania nini. Nikasema heshima. Akanitazama kama anavyomtazama mfungwa anayeumwa tumbo siku ya kulima.

Kisha tukagombana, kama kawaida. Aber hupimia gari Bustani. Bustani! Njia ya kwanza kabisa kwenye orodha, ya watoto. Sekunde hamsini umemaliza. Ina mnyoofo mmoja, kona moja ya polepole, moja ya kasi, na kijilima. Basi. Anasema ameizunguka mara elfu, anaweza kuiendesha amefumba macho, kwa hiyo saa ikibadilika anajua ni gari, si vidole vyake. Hubadilisha mstari mmoja, huzunguka raundi tatu, huandika kwa chaki ukutani. Halafu mstari wa pili. Kama mtu anayechambua mchele!

Nilimwuliza nani alipata kuijua dini kwa kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kila siku. Akasema, "Mzee Yekosofati, jana Milima Saba uligonga ukuta mara nne kwenye raundi moja. Ulipima gari au ulipima ukuta?"

Kantini nzima ilicheka. Nimeandika majina.

Alasiri nimeunda Kamati ya Ufundi. Mwenyekiti: mimi. Wajumbe: mimi. Kamati imekaa na kupitisha kanuni nne. Moja, gari litarekebishwa na fundi mkuu peke yake. Mbili, namba zote za mistari saba ziandikwe kwenye kitabu cha matukio, kwa tarehe, saa na sahihi. Tatu, kitabu kikae mezani muda wote. Nne, kikaguliwe na afande yeyote mwenye cheo anayepita, kama ilivyo desturi.

Nilitunza vitabu vya magereza miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Kitabu kisichokaguliwa ni kitabu cha mwizi.

Jumatano, 11 Novemba.

Jibu la Bruhan, mistari miwili. "Nimekubali yote. Ioshe mashine kabla ya kuileta, nasikia huko Jinja wadudu wa ziwani huingia kila mahali."

Sikula chakula cha mchana.

Umeme ulirudi saa nane, ukakatika saa kumi na mbili. Bwawa la umeme liko hapa hapa! Tunalisikia likinguruma. Nyaya zinapita juu ya paa letu zikipeleka umeme kwa wengine, na sisi tunakaa chini yake na mishumaa. Nimewahi kuandika magazetini juu ya hili mara kumi na moja.

Nimebadilisha mistari yote saba kwa mpigo. Milima Saba: dakika nne na sekunde arobaini na moja. Nikabadilisha yote saba tena. Thelathini na mbili! Sekunde tisa! Aber akauliza ni mstari upi kati ya saba ulioleta zile sekunde tisa. Nikamwambia zimeletwa na umoja. Nikarudia kwa namba zile zile ili aone. Dakika nne na sekunde hamsini. Akauliza nani sasa kavunja umoja.

Fundi hajibu kila swali.

Lakini saa kumi, faraja! Aliingia afande wa polisi, Inspekta Herbert, viatu vinang'aa, fimbo kwapani. Hatumjui. Wote tulisimama. Akauliza kama kuna kitabu cha kukagua. Moyo wangu ulijaa. Nilikileta mimi mwenyewe, mikono miwili, kisigino kwa kisigino. Mtu hastaafu adabu.

Huyu ni afande anayesoma! Hakutia sahihi na kukimbia. Alipitia ukurasa kwa ukurasa. Akauliza mstari wa nne ni nini. Nikamweleza: kwa utafiti wangu, ni springi za nyuma. Akauliza kwa nini nimeweka ishirini, mwisho kabisa. Nikasema gari gumu ni gari lenye nidhamu. Akaliandika neno hilo kwenye kijitabu chake. Akaandika na namba zote saba. Katika miaka ishirini na sita hakuna mkaguzi aliyewahi kunakili kazi yangu.

Kisha akaandika chini: "Imekaguliwa. Kazi nzuri sana. Herbert, Insp." Akala chapati mbili, akaondoka.

Sahihi nimewaonyesha watu kumi na wanne. Aber aliuliza huyo afande ni wa kituo gani. Nikamwuliza tangu lini askari anamhoji mkaguzi. Akasema Semei alimwona akipanda basi la Mbale. Na iwe! Mabasi yote ya mashariki yanapitia Mbale. Wivu ni kitu kibaya.

Alhamisi, 12 Novemba.

Hakuna umeme. Siku nzima! Siku mbili zimebaki na siwezi kupima hata kona moja. Nimekaa mbele ya televisheni nyeusi, pedi ya gemu mkononi, nikiendesha kwa mawazo. Hata kwa mawazo niligonga ukuta kona ya kumi na tisa. Ile yenye kanisa la mbao. Gari likifika pale hutikisa mkia na kugeuka nyuma. Kosa la kanisa. Limejengwa karibu mno na barabara.

Semei alikuja kukaa, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama. Akasema amezoea. Akasema, "Mzee, hii mashine imenisaidia. Ikifika saa kumi na moja jioni miguu inataka kwenda kule, naileta huku." Nikamwambia vizuri. Sikuweza kumwangalia usoni.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Namba zangu ni nzuri, lakini kura ikileta njia ya ajabu? Aber vidole vikiteleza? Nitasimamaje mbele yake niseme mali yake nimeiweka dau kwa sababu ya ng'ombe na pembe?

Saa tisa mpango umenijia. Mpango mzuri. Nimechukua boksi lililokuja na mashine. Ndani nimeweka pasi ya mkaa ya Babirye, nimeizungushia magazeti. Nimelinganisha mkono kwa mkono: uzito ni ule ule! Tukishindwa, namkabidhi Bruhan boksi limefungwa kwa kamba, tunapeana mikono kiungwana, tunaondoka haraka. Atakapofungua tutakuwa tumeshapita Iganga.

Huu si udanganyifu. Yeye alisema kona ni mapambo.

Ijumaa, 13 Novemba.

Balaa.

Asubuhi Babirye aliitafuta pasi yake nyumba nzima. Nikasema huenda ni wezi. Akauliza mwizi gani anaacha redio na kuchukua pasi. Nikasema mwizi nadhifu.

Saa nne Aber aliniita ofisini. Alifunga mlango. Hakunipa kiti. Akauliza, taratibu kabisa, kama kuna jambo ningependa kumweleza kuhusu shindano. Nikasema hali ya hewa inaridhisha. Akauliza kuhusu boksi. Nikasema boksi gani. Akasema, "Mzee, hili lenye pasi."

Nimesalitiwa! Nani? Babirye? Hajui lolote. Semei? Hajui kitu. Nyumba hii ina masikio ukutani.

Nilieleza yote. Nilianza na ng'ombe, ili apate muktadha. Aber hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema kaka yake alibeba saruji miezi minane, kwenye joto la kupasua mawe, akanunua kitu kile. Alisema kila jioni huhesabu vichwa kantini kabla hajahesabu kwenye gwaride. Alisema asubuhi amempigia Bruhan simu kutoka posta ili kuvunja shindano, na Bruhan akamsomea ukurasa wangu wa nne, neno kwa neno, hadi pale nilipoandika, "Anayerudi nyuma na aitwe mwoga mbele ya miji yote miwili." Bruhan akasema barua imebandikwa ukutani kwake. Nabuyonga nzima imeisoma. Na hata Nakaloke wanakuja kuisoma siku za soko.

Nilijisikia vizuri kidogo kusikia hilo. Sikuonyesha.

Akasema hivi: "Nitaendesha. Tutapeleka mashine ya kweli. Tukishindwa utaikabidhi wewe, kwa mikono yako, na Semei akiwa amesimama pale akikuangalia."

Semei alikuwa nje ya dirisha. Alisikia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Afande, ikienda, jioni nitakaa wapi?"

Aber alimfungulia mlango.

Umeme ulirudi saa kumi. Niliingiza namba zangu kwenye kadi ya kumbukumbu, zote saba, kama zilivyo kitabuni. Mstari wa nne, ishirini. Nilikataa mtu mwingine asiguse. Hadhi yangu iko kwenye kadi ile. Aber alisema sawa. Alisema sawa haraka mno.

Jumamosi, 14 Novemba. Mbale.

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika saa saba. Mimi, Aber, Semei, mashine kwenye boksi lake. (Pasi imebaki kantini.) Mlima ulio juu ya mji ulikuwa umefunikwa na mawingu. Ukumbi umejaa pomoni, watu wanakaa mabegani kwa watu. Barua yangu kweli iko ukutani. Mtu amepigia mstari mwekundu kwenye neno mwoga.

Bruhan mlangoni, kanzu nyeupe, tabasamu la kuuza vipuri feki. "Karibu Mbale, mzee. Mashine imeoga?"

Aber akamjibu, "Imeoga. Wewe je?"

Ukumbi ukalipuka. Tulianza vizuri.

Kisha akaja dereva wa Mbale. Akavuka umati, akakaa, akashika pedi. Viatu vinang'aa.

Inspekta Herbert.

Nilisimama kwa heshima kabla akili haijafika. Akaniambia nikae, mzee, tuko pamoja. Akasema yuko likizo. Nikafurahi kwamba ananikumbuka. Halafu, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kiatu chenye tundu, nikaelewa.

Kitabu! Kanuni ya nne! Namba zangu, zote saba, za utafiti wa miezi mitano, ziko ndani ya gari la Mbale!

Nilipiga kelele nikitaka shindano lisimamishwe. Bruhan akauliza kwa ukumbi wote: je, aliiba? Alivunja mlango? Si mzee mwenyewe alimletea kitabu, mikono miwili, akamweleza na maana yake, akampa na chapati? Nilisema chapati alinunua. Haikusaidia.

Magari mawili yenye namba zilezile! Sasa ni vidole kwa vidole, nikawaza. Na Herbert ana vidole vya kupiga taipu.

Kura ilipigwa na Mwalimu Nabifo wa Nkoma, mwanamke anayeaminiwa na pande zote kwa sababu hazipendi zote mbili. Alitia mkono kwenye kofia. Akafungua karatasi. Akasoma: Milima Saba.

Nilipiga ngumi hewani. Njia yangu! Kisha nikakumbuka kwamba leo ni njia ya namba zangu, na namba zangu wanazo wao pia. Na Aber hajawahi kupimia pale hata raundi moja. Nikashusha ngumi. Semei alikuwa amefumba macho tayari.

Skrini imegawanywa mara mbili. Juu Aber, chini Herbert. Taa. Wakaondoka.

Raundi ya kwanza, Herbert mbele. Kwenye mnyoofo wa daraja gari lake liliruka kama jiwe la kombeo. Gia zangu! Nilitaka kushangilia, nikajizuia, ni mbele ya watu. La Aber lilibaki nyuma sekunde moja. Nilishangaa. Mbona lake haliruki hivyo? Raundi ya pili, sekunde mbili. Raundi ya tatu, mbili na nusu. Bruhan alianza kuniuliza kama mashine ina waya mrefu au mfupi, apange meza.

Umeme ukapepesa. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Umeme ukashika tena.

Raundi ya nne nikaona jambo. Kwenye kona Herbert alikuwa anapigana na gari. Jasho linamtoka. Linamvuta huku, analivuta kule. La Aber lilikuwa linapita kona zilezile kimya, kama mtu anayefagia. Sekunde mbili. Moja na nusu. Moja.

Raundi ya mwisho. Pango. Daraja. Herbert akamtoroka tena kwenye mnyoofo. Kona ya kumi na tano. Kumi na sita. Nilikuwa nimemshika Semei mkono, na Semei amenishika wangu, na sijui nani aliyekuwa akimuumiza mwenzake. Kumi na saba. Kumi na nane.

Kona ya kumi na tisa. Kanisa la mbao. Gari la Mbale likatikisa mkia.

Niliujua mkia ule! Ningeujua popote duniani! Ni mkia wangu! Springi ishirini, gumu, lenye nidhamu, likageuka nyuma na kumtazama Aber uso kwa uso alipokuwa anapita. Herbert akagonga kanisa. Akarudi nyuma. Akagonga tena.

Aber alimaliza sekunde kumi na moja mbele. Akaweka pedi chini. Akaomba maji.

Semei alilia waziwazi, mtu mzima wa magereza.

Jumapili, 15 Novemba. Jinja.

Mashine iko mahali pake. Ibada imechukua muda mrefu leo.

Nimechunguza. Jana alfajiri, kabla hatujaondoka, Aber alifuta namba zangu zote kwenye kadi na kuingiza zake, zile za chaki ukutani. Za Bustani! Mstari wa nne, saba. Nimemwuliza kama alifanya hivyo. Amesema ndiyo. Hana hata aibu.

Jana Bruhan alinishika bega tulipokuwa tunaondoka, akasema, "Mzee, tulikuibia tukapata hasara. Siku ukikuta mwizi anakuchimbia mihogo, mwache achimbe." Watu walicheka. Wacheke. Nimekaa na kulifikiri jambo hili kwa utulivu, na sasa naliona lilivyo.

Nani aliyeishinda Mbale? Namba zangu. Zilikuwa ndani ya gari lao, zikawatupa kanisani. Ningekuwa nimeandika namba mbovu kidogo tu, Herbert angefika. Ilibidi ziwe namba zile hasa. Na ziliwafikiaje? Kwa kitabu, kwa kanuni ya nne, ya Kamati yangu. Jenerali yeyote angeliita hilo mtego.

Nilipokuwa nasoma tena shajara hii nimeona doa la mafuta ya chapati kwenye ukurasa wa Alhamisi. Mimi sili chapati Alhamisi. Pembeni pameandikwa kwa penseli, herufi ndogo zilizonyooka: "Rudisha pasi ya Babirye."

Na kwenye ukurasa wa Jumatano: "Mstari mmoja mmoja, mzee."

Kwa hiyo aliyenisaliti si Babirye.

Pasi nimeirudisha. Nimesema polisi waliipata.

Jumatano, 18 Novemba.

Dereva wa vitunguu ameleta habari. Bruhan ametimiza ahadi. CHUO CHA DUARA kimeshuka. Kibao kipya kimepanda, rangi ya kijani, herufi kubwa. Nilimwomba akinakili neno kwa neno nyuma ya risiti. Kinasema:

FUNDI BORA: AFANDE ABER WA JINJA. ALIPIMIA BUSTANI.

Nimekaa chini.

Jina la fundi wa gari lililoshinda. Ukurasa wa nne. Nililiandika mimi.

Nilimwonyesha Aber. Akasoma, akakunja risiti, akaitia mfukoni, akaenda kuhesabu vichwa. Ishirini na wawili jioni hii. Semei alikuwa wa kwanza kukaa. Nilimwona Aber akitabasamu akiwa amewapa mgongo.

Na hivyo ndivyo uongo unavyoingia kwenye historia! Kesho watoto wa Mbale watakua wakiamini gari hupimwa kwenye kinjia cha sekunde hamsini, mstari mmoja mmoja, kama kuchambua mchele. Sitanyamaza. Tena ushindi wa Jumamosi umetufungulia njia mpya kwenye gemu, mwisho kabisa wa orodha. Kona hamsini na mbili, mvua, giza, raundi dakika saba. Nimeipa jina Milima Yote. Jana nimepimia gari humo kwa kubadilisha mistari saba. Sijamaliza raundi hata moja, dalili kwamba ni njia bora kabisa ya kupimia. Namba zote nimeziandika kitabuni. Kitabu kiko mezani. Afande Herbert nimemwandikia kumkaribisha aje kukikagua tena, maana pamoja na yote, mwandiko wake wa "Kazi nzuri sana" ulikuwa wa mtu mkweli.

Barua ya Bruhan nayo imeondoka. Kurasa sita. Ya sita niliandika nikiwa na hasira.

Basi, Bruhan: shusha kibao hicho, au uje Jinja Jumamosi tarehe 28, saa nane, umeme ukiwepo. Safari hii dereva ni mimi.

Na wewe Aber, najua unasoma. Usiguse mstari wa nne. Usifute kadi. Kula chapati yako mbali na kurasa zangu. Na hiyo tarehe 28 uifute vumbi televisheni yako na kuitafutia boksi lenye nguvu, kwa sababu ndiyo niliyoiweka dau.